Mkaaji wa Shaba

Lubumbashi, Hewa Bora
Mwisho wa mvua

Mdogo wangu Masika,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Kabla ya habari zangu nataka zako: magoti yako bado yanapanda kilima cha kanisa, au umeanza kusali nyumbani na kumwachia Mungu ashuke mwenyewe? Kikohozi cha baba mdogo kimetulia? Mbuzi waliobaki baada ya wanajeshi kupita, wamezaa? Mimi nipo. Macho yanadai mwanga zaidi na mgongo unadai ukuta wa kuegemea, lakini kichwa ni kile kile ulichokuwa ukikiita sanduku la mapadri. Nakula mara moja kwa siku kama karibu kila mtu hapa, na siku nyingine mara mbili.

Barua yako ilinikuta mvua zikianza. Aliyeileta ni yule mfanyabiashara wa kwetu auzaye vitenge kwa jumla. Kwa kuwa vita vimeikata nchi katikati, alizunguka Uganda, Tanzania na Zambia, kisha akaingia kupitia mpaka wa Kipushi pamoja na watu wanaovusha unga kwa baiskeli. Nilisoma habari ya kufa kwa kaka yetu Paluku nimesimama mlangoni, nikashindwa kukaa. Jioni majirani walikuja bila kuitwa, wakatandika mikeka uani kwangu, wakakaa matanga ya mtu ambaye hawakumwona hata siku moja. Mama mmoja aliniuliza Paluku alipenda wimbo gani wa kanisa. Nikamwambia, wakauimba kwa namna ya huku, vibaya kidogo. Paluku angecheka.

Kisha nikasoma lile hasa uliloniandikia. Unasema sasa mimi ndiye mkubwa. Unasema shamba la Paluku limekaliwa na mjane wake, Anjelina, mtu wa bondeni, si wa kwetu, aliyezaa mabinti tu. Na kwamba baba mdogo na wenzake wanangoja neno langu moja ili wamwambie afunge mizigo. Unataka nirudi nilichukue shamba, au kama siwezi kurudi, niandike kwamba Anjelina aondoke.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Kulikuwa na jambo hapa ambalo halijaisha, linalofanana na lenu, nami sikutaka kutia neno langu huko kabla sijaona mwisho wa la huku. Sasa limeisha. Nitakusimulia lote, kisha nitajibu. Nawe msomee baba mdogo barua nzima, usiruke ukurasa hata mmoja.

Mji huu uliokuwa ukitupelekea watoto shule umechoka. Bomba refu la kiwanda cha shaba, ambalo zamani lilituchafulia nguo kwenye kamba, sasa halitoi moshi, na watu wanaukumbuka ule uchafu kwa huzuni. Garimoshi linakuja likipenda. Walimu, ambao hapa tunaitwa Maître, tunalipwa na wazazi, anayeweza kwa unga, asiyeweza kwa salamu. Basi kila mtu amekuwa mkulima. Mahindi yanaota kando ya barabara, kwenye viwanja vya mpira, hata kule Kasapa wanafunzi wa chuo kikuu wamelima kati ya mabweni yao.

Shirika letu, yaani nyumba za mtaa zinazosali pamoja kila juma, liliomba mteremko mmoja ng'ambo ya nyumba za mwisho. Tuliugawa kwa kupiga kura, vipande virefu vinavyoshuka hadi kwenye mfereji. Kiongozi wetu ni Mama Julienne, Présidente kama tunavyomwita, auzaye mafuta ya mawese kwa kikombe, mwanamke asiyependa maneno mengi. Kipande changu kiliangukia karibu na cha Papa Désiré, aliyekuwa dereva wa garimoshi. Katikati yetu kilikuwa kipande cha Mama Vero.

Huyu Mama Vero nikueleze, maana habari yote ni yake. Ni mjane wa umri wangu. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kujenga reli. Yeye mwenyewe alizaliwa katika mji wa migodi kaskazini ya hapa, akaolewa hapo, akazika mume hapo. Kisha ikaja ile miaka watu walipoanza kuulizana asili ya babu zao, akafukuzwa pamoja na wengine wengi. Alifika Hewa Bora na gunia moja. Kasai hajawahi kuiona. Akifukuzwa tena, hana pa kwenda ambapo mtu yeyote anamjua.

Mwaka wa kwanza mahindi yetu yalipofika magotini, katikati ya mteremko yalianza kugeuka manjano. Yakanyauka. Pakabaki duara kubwa tupu, limekata vipande vyetu vitatu na kugusa cha Mama Julienne. Ndani ya duara lile hakikuota kitu ila mmea mmoja mfupi wenye majani mekundu ya kahawia. Lakini kwa Mama Vero mahindi yalisimama, hata pale duara lilipopita kwenye kipande chake. Mstari wake wa kijani ulionekana kutoka barabarani kama kitambaa kilichoshonewa kwenye nguo ya mtu mwingine.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Papa Désiré alimzika mjukuu wake katika miezi ya njaa. Mtu aliyezika mtoto anatafuta sababu, na sababu iliyo karibu ni jirani. Watu wakaanza kusema kwamba Mama Vero amefukia kitu pale, na kile kitu kinanyonya nguvu za mahindi ya wengine na kuzipeleka kwake. Mvua za mwaka huu zilipokaribia, Mama Julienne akatuita sote uani kwake.

"Bon," akasema, "kila mutu aseme, lakini hapa si ku soko. Mutu moja, mudomo moja."

Papa Désiré akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la reli, lile la vifungo. "Mi sisemi mama iko mulozi. Minauliza tu. Mahindi yangu ilikufa. Ya Présidente ilikufa. Ya Maître ilikufa nusu. Yake njo inasimama. Juu ya nini?"

"Juu miye najua kulima," Mama Vero akamjibu bila kusimama, "na weye unajua kupiga firimbi ya train."

Watu wakacheka. Désiré hakucheka. "Train nayo ilikufa, mama. Pengine na yo uliikula?"

Kicheko kikakatika. Mama Vero akasema taratibu sasa: "Minatiaka udongo ya kichuguu. Kila mutu ananiona na toroli. Nilijifunza kwa mama yangu. Hakuna dawa ingine."

"Sisi bote tunajua kichuguu," mtu akasema kutoka nyuma. "Hakuna mutu anafufuaka bantu ba kufa na kichuguu."

Hapo nilinyanyua mkono. Nilikuwa nimepita shambani asubuhi ile nikang'oa ule mmea mwekundu, nao ulikuwa mfukoni mwangu umeanza kulegea. Nitakueleza nilivyoujua. Zamani nilipofundisha Kilatini, profesa mmoja wa mimea kule Kasapa alikuwa akiniletea maandishi yake niyasahihishe, kwa sababu desturi ya wataalamu hao ni kwamba mmea mpya hauhesabiwi kuwa umepata jina mpaka uelezwe kwa Kilatini. Siku nyingine alinichukua kwenye vilima vya shaba ambavyo havioti miti. Aliuchuma mmea huu, akaniambia jina lake, akaniuliza kwa mzaha kama mwalimu wa Kilatini anaweza kusema linamaanisha nini. Unaitwa Acalypha cupricola.

Jina la kwanza ni la ukoo, Masika. Ni neno la kale la Wagiriki la lile jani linalochoma, lile lililokuwa likituwasha miguu nyuma ya zizi la mbuzi. Aliyeupa ukoo huu jina aliona majani yenye meno kama ya lile, akayaita hivyo. Lakini ukiyashika hayachomi hata kidogo. Jina la pili lina vipande viwili. Cupri ni shaba. Cola ni anayekaa mahali, anayepalima na kupatunza. Kwa Warumi kukaa, kulima na kutunza vilikuwa kitendo kimoja, na ndiyo maana mkulima waliita agricola. Basi huu ni mmea unaofanana na kichomaji lakini hauchomi, nao ni mkaaji wa shaba. Unakubali kuishi katika udongo ambao mimea mingine inakufa kwa sumu ya shaba. Ukiuona umekaa peke yake, ujue chini kuna nini.

Hayo niliwaambia uani, kwa Kiswahili cha hapa, nimeushika ule mmea juu. Nilisema mahindi yalikufa kwa shaba, si kwa mtu. Udongo wa kichuguu una vipande vyeupe kama chokaa, na chokaa hupunguza ukali wa shaba. Ndiyo maana ya Mama Vero yalipona.

"Weye mutu ya Kivu," akaniambia yule wa nyuma, "njo unakuya kutufundisha udongo ya kwetu?"

Neno lile lilinipata. Nimekaa hapa tangu nilipotoka seminari, nimeoa hapa, nimemzika mke wangu Régine hapa, na watoto wa watu hawa wamesoma kwangu. Nikamjibu kwamba hata shaba haina kwao. Warumi waliinunua kutoka kisiwa kimoja cha mbali kiitwacho Kupro, wakaiita madini ya Kupro, na jina hilo likaizoea hadi ikawa ndilo jina lake, hata ile ya Katanga ambayo haikukiona kisiwa hicho kamwe.

"Donc shaba nayo haina karata ya kwao?" mama mmoja akauliza, akimaanisha kitambulisho.

"Iko sawa na sisi bote," Mama Julienne akasema. "Ilishukia ku gare ya train."

Wakacheka tena, nami nikadhani tumemaliza. Lakini Papa Désiré alikuwa bado amesimama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

"Maître, minakuheshimu," akasema. "Lakini Latin iko ya misa ya zamani. Mahindi haisikiaka Latin. Kama iko udongo ya kichuguu, itafanya kazi hata mu mikono yako. Kama iko kintu ya mama, itafanya kazi mu mikono yake tu. Lima weye. Chukua kipande yako, ile yote ya kunyauka. Mama asitie muguu mule hata siku moja. Mahindi ikitoka, mi nanyamaza mupaka kufa. Isipotoka, mama anafunga bintu."

Lilikuwa wazo la haki, Masika, na hilo ndilo lililonitisha. Mama Julienne alitutazama mmoja mmoja. Mama Vero aliniangalia mikono yangu, mikono iliyoshika chaki maisha yote, akavuta pumzi, akaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo nilivyogeuka mkulima uzeeni, na ndivyo nafasi ya mwanamke yule ilivyowekwa juu ya mgongo wangu.

Siku chache baadaye vijana waliokuwa wamesikia neno shaba walikwenda na sururu wakachimba katikati ya duara. Niliogopa. Nilijua kwamba kama wangepata madini, pasingebaki shamba la mtu yeyote. Walipata mavi ya shaba, vile vipande vyeusi vinavyobaki baada ya kuyeyusha, na mabomba ya udongo yaliyovunjika ambamo mivuo ilipuliza moto. Basi hapakuwa na mgodi. Palikuwa na tanuru za watu wa zamani sana, kabla ya Mzungu, kabla ya majina ya makabila tunayogombania leo. Waliyeyusha, wakaondoka, na mmea ukaja kukaa walipomwaga. Vijana wakarusha yale mabomba kando, wakaenda zao. Mimi nilisimama pale kwa muda. Mteremko huu tunaoitana wageni juu yake ulikuwa na wenyewe, na hakuna hata mmoja wetu anayejua waliitwaje.

Kisha nikaanza kubeba. Kichuguu kilicho karibu ni kikubwa kama nyumba, kigumu kama tofali. Asubuhi nilikichonga kwa sururu, mchana nilisukuma toroli. Mama Vero alikatazwa shamba, hakukatazwa barabara. Kila siku alikuja na beseni lake, akaligeuza, akalikalia ng'ambo ya mfereji, akanitawala.

"Maître! Unamwanga udongo sawa mutu anatia chumvi mu mboga! Tia!"

"Nimetia, mama."

"Umetia ya kuonja. Tia ya kushiba! Na usiguse ile nyeupe kuitupa, ile njo yenyewe!"

"Mama, mgongo."

"Mugongo utalala ku kaburi, huko hakuna kazi. Pindua!"

Wapita njia walisimama kutusikiliza kama wanaosikiliza redio. Mimi, niliyewafundisha vijana wa mji huu kunyambua vitenzi, nilikuwa nikikaripiwa na mwanamke juu ya beseni, naye alikuwa sahihi kila mara.

Nikisukuma nilifikiri. Warumi, Masika, walikuwa na maneno mawili kwa watu wa mji. Mmoja ni wa asili, baba yake ni wa pale. Mwingine waliita incola, mkaaji, aliyetoka kwingine akaweka makao. Huyu wa pili hawakumdharau kwa kukosa asili. Sheria yao ilimtaka abebe mizigo ya mji kama yule wa kwanza. Nimefundisha neno hilo miaka mingi kama neno la mtihani tu. Sikujua lina uzito kiasi gani hadi lilipokuwa kwenye toroli.

Mvua zikashika. Mahindi yakatoka, yakafika magotini, mahali pale pale yalipofia mwaka uliopita. Kisha majani ya chini yakaanza kupata manjano. Nilipoyaona nilikaa chini kwenye tope. Mama Vero aliniita kutoka ng'ambo kwa sauti: "Unaona nini?" Niligeuza jani moja, kisha jingine. "Maître, sema. Miye njo nitafukuzwa, si weye." Nikamwambia. Akasema: "Ongeza ku mizizi. Leo, si kesho." Nikaongeza mpaka giza.

Katika siku hizo hizo mke wa Papa Désiré, Mama Antoinette, aliugua. Kila alichokula alikitapika. Maneno yaliyokuwa yamelala yakaamka: safari hii wakasema Mama Vero, kwa kuwa amezuiwa mahindi, ameanza na watu. Watu waliacha kumsalimu kisimani. Papa Désiré alikuja tu shambani jioni moja, akatembea katikati ya mistari yangu, akashika jani moja kati ya vidole viwili, akaliachia, akaenda.

Yale manjano hayakupanda juu. Mahindi yalisimama. Yalikuwa mafupi, na mabunzi yake yalikuwa madogo kama ya mwaka wa ukame, lakini yalikuwa mahindi, Masika, na katikati yao ule mmea mwekundu ulibaki pale nilipouacha, maana sikuwa na moyo wa kuung'oa.

Tulivuna mbele ya shirika zima. Mama Julienne alitaka unga wa kwanza wa kipande kile upikwe nyumbani kwa Mama Vero na kila nyumba ije ile. Kuona mahindi ni jambo moja; kuyala kwenye mkono wa mtu uliyemwita mlozi ni jingine. Mahindi yakapelekwa kinuni kwa kuwa mashine haikuwa na mafuta. Mama Vero akapika bukari, ugali wa huku, akapika na majani ya mihogo, akaweka sinia uani, akaweka maji ya kunawa. Watu walikuja. Walinawa. Wakakaa kuzunguka sinia, na hakuna mkono uliokwenda.

Nilikula mimi. Haikusaidia, mimi nilikuwa upande wake tangu mwanzo. Mama Julienne akala, kwa sababu ni kiongozi, na watu walijua anakula kwa sababu hiyo. Wengine walichukua tonge dogo, wakalishika mkononi muda mrefu wakizungumza habari za bei ya unga. Mama Vero alisimama mlangoni na mwiko, uso wake mkavu.

Papa Désiré alifika mwisho. Hakunawa. Alilitazama sinia, akamtazama yeye.

"Niwekee ya kubeba," akasema.

"Ya kubeba wapi?"

"Ku nyumba. Mama Antoinette hajakula tangu juzi. Anasema anasikia hamu ya bukari."

Angeweza kula mwenyewe, tonge moja, na ingetosha kuonyesha kwamba amekubali. Lakini alikuwa anaomba chakula kile kiende kinywani mwa mtu ambaye yeye aliogopa kumpoteza kuliko wote. Mama Vero aliingia ndani, akatoka na bakuli la enameli lenye kifuniko, limejaa. Akampa kwa mikono miwili. Akasema neno la ukali, kama kawaida yake:

"Urudishe bakuli yangu. Na kifuniko. Najua tabia ya watu ya reli."

"Nitarudisha," akasema Désiré.

Mikono ikaenda kwenye sinia. Walikula mpaka wakakwangua.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwa Mama Vero kuchukua jembe langu, nikamwona Papa Désiré anakuja na koti lake la vifungo, ameshika bakuli kwa uangalifu kama mtu aliyebeba taa. Unajua desturi, kwenu na kwetu: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ndani aliweka ndakala wakavu wachache, wa kuonja tu, samaki ambao najua aliwatoa kwenye sufuria yake mwenyewe. "Amekula," alisema. "Haikurudi." Mama Vero akafunua, akahesabu kwa macho, akamwambia akae. Akakaa.

Mama Antoinette bado ni mgonjwa, nisikudanganye. Lakini hakuna tena anayetafuta sababu yake katika nyumba ile.

Sasa jibu langu. Sitakuja kulichukua shamba la Paluku. Njia itakapofunguka nitakuja kukaa kwenye kaburi lake na kukuona wewe, nikijaliwa, kisha nitarudi hapa, kwa sababu mvua zijazo nina kipande cha kulima na mtu wa kunikaripia. Na kwa kuwa mnasema neno langu ndilo linalongojwa, hili hapa, na baba mdogo alisikie kwa masikio yake: Anjelina abaki. Amelima mteremko ule tangu ujana wake, ameokota mawe yake, amemtunza kaka yetu mpaka mwisho wakati mimi niko mbali na vitabu. Mabinti zake wakue pale. Yeyote atakayemwuliza ni wa wapi, mwulizeni yeye kwanza alishika jembe pale siku gani.

Najua hutafurahi. Ulitaka kaka, nami nimekutumia barua. Unikaripie kwa barua ijayo; nimezoea.

Nisalimie baba mdogo, kwa heshima yote, hata akikasirika. Nisalimie katekista aliyemzika Paluku, na binamu zetu wa sokoni wanaouza vitunguu, na wajukuu zako ambao sijui nyuso zao. Mbebaji wa barua hii mpe chai na mahali pa kulala, ametembea kwa ajili yetu. Lakini kabla ya hao wote nenda kwa shemeji yako Anjelina. Usimwite aje kwako. Nenda wewe, ubishe hodi mlangoni kwake, ungoje akukaribishe, umwambie kwamba namsalimu nyumbani kwake.

Ni mimi kaka yako,
Kambale